Ukishindwa Kufika Mahakama ya Kadhi Siku ya Shauri

Mume na mke wanapotengana na shauri lao likafikishwa Mahakama ya Kadhi, ambayo kwa Zanzibar inaendeshwa kwa Sheria Nam. 9 ya 2017, mdaiwa hupelekewa hati ya wito inayotaja siku na saa ya kufika. Wapo wanaoipokea hati hiyo, wakaikunja na kuiweka sandukuni, wakiamini kwamba madhali hawakwenda, shauri haliwezi kuendelea. Imani hiyo imewagharimu wengi, na inatuuma kila tunapompokea mtu ambaye hukumu imeshatoka yeye hajasema neno.

Madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, yanamruhusu Kadhi kumhukumu asiyehudhuria ikiwa mdai ameleta ushahidi na kula kiapo. Mahakama ikithibitisha kuwa wito ulimfikia mdaiwa, na yeye hakufika wala hakutoa udhuru, inaweza kusikiliza upande mmoja. Faskhi, yaani Kadhi kuivunja ndoa, inaweza kupitishwa, na matumizi ya watoto yakapangwa kwa kipato alichokitaja mwenzake pekee. Mdai naye asijione salama, kwani asipofika bila ya sababu shauri lake linaweza kufutwa.

Udhuru wa kweli upo na husikilizwa. Mama aliyejifungua juzi, mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Abdalla Mzee, au mkaazi wa Micheweni, Pemba, ambaye shauri lake liko Unguja na boti ikazuiwa kwa bahari kuchafuka, hawa wote wana la kusema. Lakini Kadhi hawezi kuujua udhuru asioambiwa. Andika barua fupi kwa karani wa mahakama kabla ya siku yenyewe, taja namba ya shauri, eleza sababu na omba tarehe nyengine, kisha ambatisha cheti cha daktari au tiketi ya boti, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kupiga simu pekee hakutoshi, kwa sababu simu haiingii katika jalada. Kumtuma kaka au mjomba akaeleze kwa mdomo kunaweza kusaidia kupata ahirisho, ila mjumbe huyo hageuki kuwa wakili wako.

Ikiwa hukumu imeshatolewa, usikae. Unaweza kuiomba mahakama hiyo hiyo iitengue na kukusikiliza, mradi uoneshe sababu ya msingi ya kutofika na uombe mapema. Kila wiki inayopita bila ya hatua inaudhoofisha udhuru wako, hata ukiwa wa haki.

Asiyemudu wakili analindwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Nam. 13 ya 2018, na anaweza kukiendea Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, Unguja au Pemba. Aende na hati ya wito pamoja na cheti cha ndoa, kwa kuwa hizo ndizo karatasi atakazoulizwa mwanzo.