The Stand ya Stephen King: ugomvi wa wasomaji unaanzia ukurasa gani

Mimi ni mhariri wa riwaya, mwaka wa kumi na tano sasa nafanya hii kazi, na kitabu ambacho nimeona kinagombanisha watu kuliko vyote ni The Stand, riwaya ya Stephen King, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha. Dada mmoja nesi, rafiki wa familia, alinirudishia nakala yangu mwezi uliopita akaniambia, "Kaka, kurasa mia tatu za mwanzo sikulala, mia tatu za mwisho nilitaka kulitupa hili dude." Kabla yake nakala hiyo hiyo alikuwa nayo jirani yangu, mzee wa kanisa, na yeye aliniambia ule mwisho ndo uliomgusa kuliko kitu chochote alichosoma tangu aache shule. Nakala ile ile jamani, na karatasi zilikunjwa pembe na wote wawili.

Watu wengi wanasema hayo ni mambo ya ladha tu, anayependa apende, asiyependa aache, lakini mimi kwa macho ya kazi yangu naona ugomvi huu una mahali pake ndani ya kitabu kabisa, unaweza ukaweka kidole juu ya ukurasa. Natoboa siri zote mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujakisoma na una mpango, ishia hapa urudi baadaye.

Kwanza elewa kwamba ni vitabu vitatu ndani ya jalada moja. Cha kwanza ni tauni. Virusi vinatoroka maabara ya jeshi California, mlinzi mmoja anaitwa Campion anakimbia na mke na mtoto, anafika Texas yuko mahututi na gari lake linavamia pampu za kituo cha mafuta kwenye mji mdogo unaitwa Arnette, na kuanzia hapo mafua yanaua watu asilimia 99.4. Kuna sura fupi humo huwa nawasomesha vijana wanaoanza kuandika. Askari wa barabarani anamsimamisha wakala wa bima kwa spidi, anamwandikia faini na kumwachia ugonjwa, yule wakala anaingia mgahawani, anamwachia mhudumu tip ya dola moja, mhudumu naye anaendelea na wateja wake, na inakwenda hivo hivo mkono kwa mkono. Hakuna damu, hakuna mtu anapiga kelele, ni watu wanafanya kazi zao za kila siku, na wewe msomaji unahesabu tu. Yule dada nesi aliniambia hapo alikiweka kitabu chini akaenda kunawa mikono, na namuelewa, maana amefanya kazi wodini kipindi cha Korona. King mwenyewe Machi 2020 aliandika mtandaoni kuwaambia watu Korona siyo ugonjwa wa kwenye The Stand, kwa namna watu walivyokuwa wanafananisha.

Sasa mtu aliyependa hiyo sehemu anadhani amenunua kitabu cha ugonjwa. Halafu tauni inaisha, bado kurasa mamia ziko mbele, na waliobaki wanaanza kuota ndoto, wengine wanamuota bibi wa miaka 108 kwenye shamba la mahindi Nebraska, wengine wanamuota mwanaume wa giza, Randall Flagg, adui wa hadithi nzima. Wa bibi wanakusanyika Boulder, Colorado, wa Flagg wanakwenda Las Vegas. Kule Boulder kuna kamati, kuna mikutano, kuna kuzika maiti za mji mzima na kurudisha umeme, na hapa ndo naona wengi wanakiacha. Nawaelewa kidogo. King ameshaeleza kwamba mwenyewe alikwama humo, ameshapita kurasa 500 za mswada na hajui aende wapi, akawa anatembea wiki kadhaa akifikiria, karibu aache kabisa, mpaka akaja na wazo la bomu kuwekwa kabatini liue sehemu ya viongozi na kuwasukuma waliobaki kuanza safari. Ukisoma ukijua hilo unaona kabisa pale hadithi ilipokuwa imesimama inahema. Ila mimi zile kamati nazipenda, nasema kwa moyo wote, maana ni nadra hadithi ya kiama ikakuonyesha watu wanajiuliza nani atazika na nani atawasha taa.

Tukija kwenye urefu, wengine wanabishana bila kujua hawajasoma kitabu kimoja. Toleo la 1978 lilitoka na kurasa 823. Toleo kamili la 1990 lina zaidi ya 1,150. Na siyo kwamba 1978 mhariri alisema hadithi ni mbaya, hapana, watu wa mahesabu wa kampuni ya uchapishaji walipiga gharama wakaona kitabu hakiwezi kuuzwa zaidi ya dola 12.95, kwa hiyo lazima karibu kurasa 400 za mswada zitoke, na King akaona bora azikate kwa mkono wake mwenyewe. Kwa anayefanya kazi hii hilo siyo jambo geni hata kidogo. Karatasi, gundi, kushona, usafiri, kila kurasa kadhaa zikiongezeka bei inapanda, na nimeshakaa vikao ambapo sura nzuri inatolewa kwa sababu ya uzito wa kitabu, na unarudi nyumbani umeishiwa nguvu.

Kwenye vilivyorudi 1990 kuna dhahabu na kuna takataka. Dhahabu ni ile sura ya watu walionusurika na mafua halafu wakafa kwa mambo madogo, mtoto wa miaka mitano anachuma matunda anatumbukia kisimani na hakuna mtu mzima wa kumsikia, mwanamke anafungiwa na mlango wa chumba cha barafu. Kwangu ndo kurasa zinazotisha kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha ni watu wangapi wanatuzunguka kila siku wanatuweka hai bila sisi kujua. Takataka ni yule kijana anajiita The Kid, sehemu yake ndefu na chafu na ukiitoa hakuna kinachoanguka. Na kingine, waliihamisha hadithi kutoka miaka ya 80 mwanzoni kwenda 1990 lakini watu bado wanaongea na kufikiri kama wa miaka ya 70, wasomaji wanaolalamikia hilo wana haki.

Kuna lalamiko jingine ambalo sisi wasomaji wa huku hatuwezi kulipita. Mama Abagail, yule bibi, ni Mmarekani Mweusi, baba yake alikuwa mtumwa aliyepata uhuru akamiliki ardhi, na kurasa za yeye akikumbuka 1902 alipopanda jukwaani na gitaa kuimba mbele ya ukumbi wa wazungu ni nzuri sana, pale ni mtu kamili, ana hofu na ana majivuno. Ila akishafika Boulder anageuka kuwa mjumbe tu, anapokea maono anawapa wengine, kisha anakufa. Halafu 1990 wakaongeza ukurasa wa mwisho ambapo Flagg anazinduka ufukweni akiwa amezungukwa na watu wa rangi ya kahawia wenye mikuki, na wanamsujudia. Mimi ningeikata hiyo bila kufikiri mara mbili. Baada ya kutembea na watu wote wale, kila mmoja ana jina na mama na makosa yake, unaniletea binadamu wasio na jina wa kupiga magoti tu?

Haya, mwisho wenyewe sasa. Lalamiko kubwa ni kwamba wanaume wanne wanatembea kwa miguu kutoka Boulder kwenda magharibi kumkabili Flagg, mmoja anavunjika mguu njiani, mmoja anapigwa risasi gerezani, wawili wanaletwa hadharani Las Vegas wauawe, na ghafla mkono wa Mungu unatoka angani, bomu la nyuklia linalipuka, kwisha. Msomaji aliyekuja kwa ajili ya maabara na virusi anaona kaibiwa.

Lakini rudi usome taratibu. Bomu limeletwa na Trashcan Man, mchoma moto wa Flagg mwenyewe, ambaye aliharibu ndege za kambi akakimbilia jangwani na sasa anarudi na zawadi ya kuombea msamaha. Umati umekusanyika kwa sababu Flagg anataka waone wale wawili wakichanwa. Na katikati ya umati anatoka mtu anaitwa Whitney Horgan, mpishi, mtu wa Las Vegas, wa upande mbaya, anatetemeka na anasema hili tunalofanya siyo sawa. Flagg anamuua kwa kimpira cha moto kutoka kwenye kidole chake. Ule moto ndo unaopaa juu, ndo unaokua, ndo unaokuwa huo mkono na kuangukia bomu.

Yaani moto ni wa Flagg, bomu ni la mtu wa Flagg, na kilichoutoa ule moto ni mpishi mmoja aliyeshindwa kunyamaza. Wale wanne kazi yao ilikuwa kufika tu, ili kuwe na siku ya kuchagua. Kwa hiyo Mungu hakudondoka kutoka popote, njia imejengwa hatua kwa hatua, tatizo ni kwamba King kampa Whitney nafasi ndogo mno. Katika kurasa elfu moja na zaidi mtu anayebeba mwisho wote unakutana naye kwa kupita pita tu. Ningekuwa mimi nahariri, zile kurasa za The Kid ningezihamishia jikoni kwa Whitney, tumwone anapika, tumwone anaogopa wiki nzima kabla.

Nilimweleza yule dada nesi haya yote kwenye simu, akanyamaza, akaniambia nimpelekee tena kitabu. Juzi kanipigia. Amerudia ule ukurasa mara mbili, mkono wa Mungu bado hautaki, ila Whitney alikuwa hamkumbuki kabisa, hata jina.