Majani ya Maua ya Manjano Mabondeni: Yatambuliwe Kabla ya Kupigwa Dawa

Kutokana na picha nyingi zinazosambazwa miongoni mwa wakulima wa mpunga, zikidai kwamba mmea wa sumu kutoka Ulaya umeingia mabondeni mwetu, ofisi ya ulinzi wa mimea Zanzibar inatoa ufafanuzi ufuatao.

Mmea unaotajwa ni Ranunculus repens, ambao kwao ni Ulaya na sehemu za Asia, kwenye malisho yenye unyevu na hali ya hewa isiyo ya joto kali. Utomvu wake mbichi una protoanemonini, kemikali inayowasha ngozi na kuunguza midomo ya mifugo, ila jani likikauka ukali huo hutoweka. Jamaa yake, Ranunculus multifidus, huota kwenye nyanda za juu za Tanzania Bara. Cheju na Bumbwi Sudi, mabonde yetu ya mpunga Unguja, si nyanda za juu, na jina la mmea lililotolewa na programu ya simu inayotambua mimea kwa picha si uthibitisho.

Mwenye shaka asiishie kwenye rangi ya ua. Ranunculus repens ina petali tano zinazong'aa na stameni nyingi (vijiti vya ua vyenye chavua), zikizunguka vijitunda vya kijani vilivyosongamana, kila kimoja na ncha iliyopinda. Jani lake lina vipande vitatu, na cha kati kina kikonyo chake. Ludwigia ya majini, ambayo ndiyo hasa inayofanana na hizo picha, ina jani zima lisilogawanyika, stameni kumi tu, na tunda jembamba linaloanzia chini ya petali. Oxalis corniculata ina vijani vitatu vya umbo la moyo na tunda lililosimama kama bamia changa.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni Sphagneticola trilobata, pambo la bustani lenye asili ya Amerika ya kitropiki, linalotambaa na kutoa mizizi kwenye kila kifundo. Ua lake ni la jamii ya alizeti na majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana. Kipande kimoja cha shina kikitupwa mtaroni kinatosha kuota, kwa hiyo tunawasihi wenye bustani wasitupe mabaki yake kwenye mikondo ya maji.

Anayetaka kuingiza mche, mbegu au kipandikizi chochote, hata kimoja, aombe kwanza kibali cha kuingiza mimea kabla mzigo haujasafirishwa, amtumie muuzaji nakala yake, ili mamlaka ya nchi unakotoka mzigo iukague na kutoa cheti cha afya ya mimea, kisha nyaraka zote mbili zikabidhiwe kwa mkaguzi kwenye bandari ya Malindi (Unguja), bandari ya Mkoani (Pemba) au uwanja wa ndege. Kibali si mbadala wa cheti, wala cheti si mbadala wa kibali. Mzigo usio na nyaraka unaweza kuzuiwa, kurejeshwa ulikotoka au kuteketezwa, na mwenyewe kushitakiwa. Kwamba ni zawadi ya jamaa kutoka Muscat hakubadilishi lolote.

Mkulima asikimbilie dawa ya magugu, kwani maji ya bonde huipeleka kwenye shamba la jirani. Ang'oe mmea mzima pamoja na mzizi, jani, ua na tunda, aufunge kwenye gazeti, aandike jina la shehia na mahali ulipoota, aupeleke kwa bwana shamba au bibi shamba wake ungali mbichi. Picha ya ua lililopigwa kwa juu haitoshi.