“Kesi ya ugaidi haina dhamana,” na maneno mengine yanayotuponza

“Wakili, hii si ni ya ugaidi? Ya ugaidi haina dhamana.” Hivyo ndivyo familia nyingi huanza wanapoingia ofisini kwangu hapa Mombasa, na nakiri sasa imenichosha. Afadhali yangekuwa maneno ya barazani tu. Hata askari wa kaunta humwambia mama wa watu arudi nyumbani akalale, kesi ya mwanawe haina bondi.

Ina bondi. Kifungu cha 49(1)(h) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu za msingi za kumzuilia. Hakikutenga ugaidi, wala mauaji, wala uhaini. Anayetakiwa kuzionyesha sababu hizo ni kiongozi wa mashtaka: kwamba mshukiwa atatoroka, au atawatisha mashahidi, au hana makao yanayojulikana. Uzito wa shtaka huangaliwa, lakini peke yake hautoshi. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: maombi haya hukataliwa mara nyingi. Lakini kunyimwa kitu baada ya kukipigania si sawa na kitu hicho kutokuwepo.

Pengine dhana hii ilivuka mpaka wa Lungalunga kutoka Tanzania. Huko ugaidi umo katika orodha ya makosa ambayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inayanyima dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huko ilikubali zuio hilo libaki. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi, walikaa mahabusu miaka mingi mpaka mashtaka yakafutwa Juni 2021. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, naye alikamatwa Julai mwaka huohuo, akatoka Machi 2022 baada ya mashtaka kuondolewa. Hiyo ni sheria ya kwao. Ya kwetu inasema vingine, na msomaji wa Kenya anayeleta mifano ya Dar es Salaam kwenye kesi ya mahakama ya Shanzu hapa Mombasa anajiumiza bure.

Kinachoniudhi ni matokeo yake. Familia ikishaamini dhamana haipo, haiji kortini siku ya kwanza, na siku ya kwanza ndiyo yenye kazi. Aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, basi siku inayofuata ya kazi. (Ndiyo maana watu wanakamatwa Ijumaa jioni.) Hapo mara nyingi mashtaka huwa bado. Afisa mpelelezi anakuja na hati ya kiapo ya kurasa chache: uchunguzi haujakamilika, simu imepelekwa kukaguliwa, mshukiwa hana makao maalumu. Anaomba siku 30. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inamruhusu kuomba, hata kurudi kuomba tena, lakini jumla isipite siku 90, na kila mara ni hakimu anayeamua. Sasa kama kortini hakuna mzazi, hakuna mzee wa mtaa, hakuna hata mkataba wa nyumba ya kupanga, nani atampinga afisa anaposema kijana hana makao? Hakimu anaamua kwa kilichowekwa mbele yake.

Kwa hiyo nasema kwa kila anayenisikiliza: usiku huohuo andikeni saa ya kukamatwa, kituo alichopelekwa na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Asubuhi njooni na mtu mwenye kitambulisho anayeweza kuapa kwamba huyu analala kwake. Hati ya shamba ya kuwekea dhamana inaweza kusubiri wiki ijayo.

“Akinyamaza ataonekana ana hatia.” La. Kunyamaza ni haki yake, nao polisi wanatakiwa wamwambie hivyo. Ungamo lenyewe halikubaliki mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Asiandike chochote kabla wakili hajafika. Hata kama hana la kuficha, na hasa kama hana la kuficha.

“Haki ni za wakati wa amani.” Hili husemwa na watu wenye uchungu wa kweli, maana katika mashambulizi ya kigaidi ya Westgate, jengo la maduka la Nairobi, waliuawa watu 67, na ya chuo kikuu cha Garissa 148. Siwabezi. Lakini waliotunga Katiba walijua hatari zipo: kifungu cha 24 kinaruhusu haki zipunguzwe, kwa sheria na kwa kiasi, ila cha 25 kikaweka kando zile zisizoguswa kabisa. Kutoteswa ni mojawapo, na kesi ya haki, na amri ya kumleta mshukiwa mbele ya mahakama.

Wanaharakati nao wana yao: “Mahakama ilishaifuta ile sheria ya usalama.” Haikuifuta. Februari 2015 majaji watano walibatilisha vifungu vinane vya marekebisho ya sheria za usalama ya Desemba 2014, kikiwemo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 na kile cha kuwaziba midomo wanahabari. Kifungu cha kunasa mawasiliano ili kugundua na kuzuia ugaidi kilibaki. Anayekwambia serikali haiwezi kusikiliza simu yako kisheria hajaisoma hukumu.

Na ukiona jina kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, hujaona hukumu. MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, zilitajwa humo Aprili 2015 miongoni mwa wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Zikaenda Mahakama Kuu hapa Mombasa, na Novemba mwaka huohuo jaji akaamuru akaunti zifunguliwe.