Bikari si dira: kwa wanaomsoma John Donne

Wiki hii nimeletewa tena insha ya kidato cha sita yenye sentensi ileile: "Mpenzi ni dira inayomwonyesha msafiri njia." Sikubishana na mwenye insha. Nilifungua mkebe wake wa hesabu, nikatoa bikari, nikaiweka juu ya daftari.

Shairi ni lile la kuagana la John Donne, mshairi Mwingereza, msafiri akimsihi mpenzi wake asilie na kuwafananisha wao wawili na "compass". Kiingereza hutumia neno hilo moja kwa dira na bikari, na hapo ndipo watu wanapotea. Sisi tuna maneno mawili, hatuna udhuru. Isitoshe, Donne anataja miguu miwili. Dira ina miguu?

Chomeka ncha ya chuma kwenye karatasi. Mguu wa katikati hausogei, ila kadiri mwenzake anavyokwenda mbali ndivyo unavyoinama kumwelekea; akirudi, unasimama wima. Huyo ndiye anayebaki nyumbani. Ncha ikiteleza, duara haifungi: msafiri anaishia alipoanzia kwa sababu mwenzake ametulia. Hiyo ni hoja kamili juu ya kutengana, na kila kiungo cha kifaa kina kazi ndani yake. Wanaoandika kwamba sitiari ndefu za Donne na wenzake, wale wanaoitwa washairi wa metafizikia, ni "mapambo" hawajawahi kushika bikari. Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nistaafu: ukikuta kifaa ndani ya shairi, kichore kwanza. Neno "taswira" utaliandika baadaye.

Eti metafizikia, yaani falsafa ya yasiyoonekana, ni mizimu na dini tu. Soma shairi la Donne la kiroboto. Mwanamume anadai kiroboto ameshawauma wote wawili, damu zao zimeshachanganyika tumboni mwake, sasa aibu ya nini? Mwanamke anamponda kiroboto kwa ukucha. Na bado bwana yule anapata la kusema!

Eti washairi hawa walikuwa kundi lililojipa jina hilo. Donne alifariki 1631. Mwaka 1693 ndipo mshairi John Dryden alipomlaumu kwa kutia metafizikia hata kwenye mapenzi. Mhakiki Samuel Johnson akaja kulikaza jina hilo karne ya 18, naye hakuwa akiwasifu.

Eti Donne alishindwa mizani. Ben Jonson, mshairi wa wakati wake, alishasema anastahili kunyongwa kwa kutoshika mkazo wa silabi, kwa hiyo lawama ni ya zamani. Msome Donne kwa sauti, kama mtu anayegombana chumbani, utasikia kwa nini mkazo umevunjwa.

Na George Herbert, mshairi mwingine wa kundi hili, wanaosema shairi lake la mabawa ya Pasaka, lililopangwa kwa umbo la mabawa, ni mchezo wa kuchora kwa maneno, watazame mishororo inavyopungua mpaka inabaki na maneno mawili, palepale mwanadamu anapokuwa fukara kabisa, kisha inavyopanuka tena anapoomba kuinuka. Katika chapa ya 1633 beti zililazwa ubavu. Geuza kitabu ndipo uyasome.