Mtindo katika picha za watu: maana yake, na anayeanza anaupataje

Wape watu wawili kamera moja, chumba kimoja na mtu mmoja wa kumpiga picha. Watatoka na picha mbili tofauti. Mmoja atasogea mpaka uso ujae fremu, mwingine atarudi nyuma ili kiti, ukuta na mikono vionekane. Mmoja atabonyeza wakati mtu anacheka, mwingine atasubiri kicheko kiishe na midomo ianze kutulia. Tofauti hiyo ikijirudia picha baada ya picha, hadi mtazamaji aseme "hii ni kazi ya fulani" kabla hajaona jina, ndiyo tunayoiita mtindo.

Wanaoanza wengi huuchanganya na filta. Wanatafuta rangi fulani ya ngozi, au vivuli vilivyofifishwa kwa namna fulani, wanaipaka kila picha na kuamini kazi imekwisha. Filta huja baada ya picha kupigwa, wakati mambo makubwa yameshaamuliwa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua picha zako kumi, ziondoe rangi zote zibaki nyeusi na nyeupe, kisha ziweke pamoja na za wengine. Kama bado zinaonekana ni za mkono mmoja, kuna kitu hapo.

Sasa mambo hayo yanayoamuliwa ni yapi? La kwanza, na linalopuuzwa kuliko yote, ni umbali. Simama nusu mita kutoka usoni mwa mtu: pua inakuwa kubwa, masikio yanakimbilia nyuma. Rudi mita mbili, uso unatulia na sehemu zake zinalingana. Watu husema ni lenzi, lakini ni miguu yako. Lenzi ya milimita 85, inayovuta vitu karibu, inakulazimisha kurudi nyuma ili uso uenee kwenye fremu. Ya milimita 35, inayoona eneo pana, inakuvuta usogee. Tena umbali haugusi umbo la pua peke yake. Ukiwa karibu kiasi cha kuweza kumgusa mtu, naye anakuhisi, na macho yake yanabadilika. Kuna wapiga picha wanaoutaka ukaribu huo, na wengine wanaomwachia mtu nafasi ya kupumua. Hakuna aliyekosea, ila lazima ujue wewe ni yupi.

La pili ni mwanga, na hapa naomba ujaribu kwa mikono yako. Mkalishe mtu ubavuni mwa dirisha, uzime taa za ndani. Shavu la upande wa dirisha linang'aa, la pili linazama kwenye kiza. Mwambie ageuze uso polepole kuelekea dirishani. Kivuli cha pua kitasogea hadi kikutane na kivuli cha shavu, na chini ya jicho la upande wa kiza patabaki pembetatu ndogo ya mwanga. Wapiga picha huuita mwanga wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Akiendelea kugeuka, pembetatu inafunguka, kiza kinapungua, na uso unapata upole mwingine kabisa. Yote hayo yametokea bila kununua kifaa chochote. Katika safari hiyo fupi ya kichwa, kuna mahali kidole chako kitataka kubonyeza. Pakumbuke, maana panakuambia jambo kuhusu jicho lako ambalo hakuna mwalimu anayeweza kukuambia.

Baada ya hapo kuna usuli, yaani kinachoonekana nyuma ya mtu, pozi, mavazi na uhariri. Haya hujifunzwa haraka zaidi.

Ukitazama waliotangulia, utaona mitindo mingi ilizaliwa na ufinyu. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu. Usuli wake wa kwanza ulikuwa shuka la kitandani mwake. Leo nguo zile za maua na nakshi nyuma ya watu waliovalia vizuri ndizo zinazomtambulisha duniani kote. Mwaka huohuo wa 1948, mpiga picha Irving Penn kule New York alisimamisha kuta mbili zikakutana kwa pembe nyembamba, akawasimamisha watu mashuhuri ndani yake. Wapo walioegemea, wapo waliojibana, na kila mmoja akajifichua kwa namna alivyoipokea ile kona.

Julia Margaret Cameron, mpiga picha Mwingereza wa karne ya 19 aliyepata kamera yake ya kwanza akiwa na miaka 48, alilaumiwa kwa picha zisizo kali, yaani zenye ukungu kidogo. Mwenyewe alieleza kwamba alipokuwa akirekebisha lenzi, alikomea pale jicho lake lilipoona uzuri, badala ya kuendelea hadi ukali wanaoutaka wengine. Ule wepesi wa ukungu usoni ndio tunaomkumbuka nao.

Kwa hiyo anayeanza ajinyime. Mwezi mmoja atumie lenzi moja, au simu bila kukuza, na dirisha moja. Apige watu wengi: jamaa, rafiki, yeyote atakayekubali kukaa dakika kumi. Kisha achague picha ishirini anazozipenda kwa dhati, si zilizosifiwa zaidi, azitandaze mezani na aandike kinachojirudia. Huenda wote wanatazama pembeni. Huenda mikono imo katika kila picha bila yeye kukusudia. Orodha hiyo ndiyo mwanzo, na mwezi unaofuata ayafanye makusudi yale aliyoyafanya bila kujua.

Kuiga pia kunaruhusiwa, hata mimi nashauri hivyo. Chagua picha ya mtu unayemheshimu, jaribu kuirudia ilivyo, halafu tazama ni wapi yako imekataa kufanana. Mara nyingi hapo ndipo ulipo wewe.

Jihadhari na jambo moja tu: mtindo usimmeze anayepigwa. Mama mzee mcheshi akitoka na huzuni kwa sababu wewe hupenda vivuli vizito, picha hiyo ni yako lakini si yake, na yeye ndiye aliyekuja kuonekana.

Na usiogope ukibadilika. Mpiga picha Mmarekani Diane Arbus alianza na kamera ndogo ya filamu yenye upana wa milimita 35, na miaka ya mwanzo ya 1960 akahamia kamera ya picha za mraba, ambazo ndizo zilizomtambulisha. Picha zako za mwaka wa kwanza zihifadhi mahali salama, hata zile zinazokuaibisha. Utazihitaji siku utakapotaka kuona jicho lako lilikuwa likitafuta nini.