Kabila lako lina umri gani?

Dhana: Makabila yetu yapo vilevile tangu enzi za mababu.

Ukweli: Mzee wa Kilifi, pwani ya Kenya, akikusimulia habari za babu yake, hatamwita Mmijikenda. Atakwambia alikuwa Mgiriama, Mchonyi au Mkauma. Watu wa mwambao waliwajumlisha wote kwa jina la Wanyika, watu wa porini, na neno hilo lilikuja kuwa tusi. Mijikenda, yaani miji tisa, ni jina lililoshika miaka ya 1940. Muongo huohuo Wanandi, Wakipsigis, Watugen na jirani zao wakaanza kujiita Wakalenjin, neno lenye maana ya "nakwambia", lililosikika redioni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Daniel arap Moi, Mtugen aliyekuwa rais wa pili wa Kenya, alizaliwa 1924. Kwa hesabu hiyo, rais huyo alikuwa mkubwa kuliko jina la kabila lake!

Dhana: Kabila ni damu, serikali haina lake hapo.

Ukweli: Waulizeni Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kenya, wakakua bila kitambulisho: huajiriwi, hupigi kura, hata laini ya simu unasajiliwa kwa jina la jirani. Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai haki yao. Mwaka 2017 wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya, na miezi michache baadaye Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Damu ilikuwa ileile kabla na baada ya tangazo.

Dhana: Basi kama limetungwa na watu, kabila halina uzito.

Hapa ndipo wasomi wengi wa vijiweni wanapoteleza. Wahutu na Watutsi wa Rwanda walizungumza Kinyarwanda kilekile, wakaishi vilima vilevile, hata koo walichangia. Zamani aliyejaliwa ng'ombe wengi aliweza kuja kuhesabiwa Mtutsi. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaliandika kabila kwenye kitambulisho, na mtoto akarithi la baba. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliambiwa watoe kadi hiyo, na wengi waliuawa kwa neno moja lililoandikwa humo. Vitambulisho vya Rwanda vya leo havina nafasi ya kabila.