Marianne ya 1929 haikupachikwa sauti

Wengi huamini kwamba filamu za mwanzo zenye sauti zilikuwa filamu bubu zilizopachikwa nyimbo baadaye. Zipo za namna hiyo, kweli. Lakini Marianne ya kampuni ya filamu ya MGM, kisa cha msichana Mfaransa na askari wa Kimarekani waliopendana enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipigwa picha mara mbili: bubu, kisha upya kwa mazungumzo na nyimbo. Hata mwigizaji wa huyo askari alibadilishwa, Oscar Shaw akampisha Lawrence Gray. Marion Davies, aliyeigiza msichana, alibaki. Mwanamke huyu mwenye kigugumizi aliigiza na kuimba kwa lafudhi ya Kifaransa, tena vizuri mno! Kuiita filamu yake bubu iliyotiwa sauti ni kumdhulumu.